Meza Iliyofika na Mtoto Aliyevunjika

Sogeeni, wanangu. Mkeka ni mpana. Na wewe uliyekaa kizingitini, njoo huku ndani, hapo mlangoni pana upepo.

Leo nawasimulia habari ya meza. Meza ya kusomea. Miguu minne, mtoto mmoja.

"Mjomba, meza ina mtoto?"

Inaye, tena anakaa tumboni. Kile kisanduku unachokivuta ukatia kalamu na madaftari, kisha ukakisukuma kikarudi ndani, ndicho mtoto wa meza. Anatoka kwa mama yake, anarudi kwa mama yake. Umeuliza vizuri. Kuuliza si ujinga, na leo nataka mniulize mpaka chai ipoe.

Basi meza hiyo iliagizwa na dada yangu anayekaa Kisauni, Mombasa. Binti yake alikuwa na miaka tisa. Kila jioni alifanya kazi za shule kwenye meza ya kulia chakula, kati ya bakuli la mchuzi na jagi la maji, na kila asubuhi daftari lilikwenda shule na doa jipya. Dada akaona hapana. Akachukua simu, akapekua maduka ya mtandaoni, akaiona meza nyeupe ya duka moja la Nairobi. Shilingi 8,500. Akalipa kwa M-Pesa. Simu ikalia, ujumbe ukaingia. Pesa zimekwenda.

Pesa zimekwenda, meza haijaja. Hapo katikati ndipo kisa chetu kinapokaa.

Maana ukienda kwa seremala mambo ni mengine. Unaigonga meza kwa kifundo cha kidole: ngo, ngo. Unaitikisa uone kama inacheza. Unamvuta mtoto wa meza, unamrudisha. Unainama, unatazama kule chini ambako fundi alidhani hutatazama. Ukiona ufa unasema, "Fundi, hapa vipi?" Macho yako yapo, mikono yako ipo, na fundi yupo mbele yako na kalamu yake sikioni.

Mtandaoni je? Unaona picha. Na picha haigongeki. Picha haitikisiki. Picha haina harufu ya mbao. Umenunua kwa macho ya kuazima, na aliyekuazima macho hayo ni muuzaji mwenyewe.

"Kwa hiyo kununua mtandaoni ni vibaya?"

La, si vibaya. Meza ile haikupatikana Kisauni kwa bei ile, na dada yangu hana siku nzima ya kuzunguka madukani. Lakini kwa kuwa mkono wako haukufika dukani, lazima kiwepo kitu cha kusimama mahali pa mkono wako. Kitu hicho ni sheria. Sheria ndiyo inayobaki kule Nairobi kwa niaba yako, ikiigonga meza: ngo, ngo.

Sasa nyamazeni kidogo. Meza yenyewe inataka kusema.

"Msinidhanie mvule," inasema meza. "Mimi ni unga wa mbao uliochanganywa na gundi, ukashindiliwa kwa joto mpaka ukawa ubao. Juu nikavishwa ngozi nyeupe, nyembamba kama ganda la kitunguu. Nikikaa mahali pakavu naishi miaka. Lakini nina maadui wawili, maji na kuanguka. Nikilowa, navimba. Nikiangukia pembe, pembe inasagika kama mkate mkavu, na parafujo iliyokuwa imekamata hapo haikamati tena.

"Nikalazwa ndani ya boksi, miguu yangu ubavuni, mwanangu juu ya kifua changu. Kati yetu huwekwa foma, ile nyeupe inayolia ukiisugua. Siku ile haikuwekwa. Nikapakiwa kwenye lori, na juu yangu wakapakia friji.

"Kutoka Nairobi hadi Mombasa ni kama kilomita 480. Emali nikatikisika. Mtito Andei dereva akashuka kunywa chai, nikapumua. Karibu na Voi tukakanyaga shimo, friji likaruka, likanirudia. Nikasikia kra! Nikaita, 'Mwanangu, uko salama?' Hakujibu."

Maskini meza.

Asubuhi ya Jumamosi gari dogo la kusambaza mizigo likasimama nje kwa dada yangu. Akashuka kijana mmoja mwenye adabu na haraka. "Hodi! Shikamoo, mama. Mzigo wako huu. Tia sahihi hapa tafadhali, nina mizigo mingine ya Nyali na Bamburi." Akanyoosha karatasi na kalamu.

Dada akaipokea kalamu. Akainama. Na hapo mpwa wangu, ambaye tangu majuzi anasoma kila kitu, hata maandishi ya pakiti ya chumvi, akaisoma ile karatasi kwa sauti: "Nimepokea mzigo ukiwa katika hali nzuri."

Akamtazama mama yake. Akasema, "Mama, hiyo hali nzuri tumeiona wapi?"

Wanangu, hapo nasimama kidogo, maana swali hilo nimelipenda sana. Nimetia sahihi karatasi nyingi maishani mwangu, mbele ya watu wenye haraka, na sikuwahi kuuliza hivyo. Boksi limefungwa kwa utepe. Ndani hakuna aliyeona. Na karatasi inasema hali ni nzuri!

Sahihi ni nini? Sahihi ni mdomo wako uliobaki kwenye karatasi. Wewe ukiondoka, wenyewe unaendelea kusema. Siku ukienda kulalamika, watautoa ule mdomo na kuuliza, "Si wewe uliyesema hali ni nzuri?"

Kwa hiyo dada akaiweka kalamu chini. "Mwanangu," akamwambia yule kijana, "ningoje dakika tano. Nifungue mbele yako, usije ukalaumiwa wewe." Kijana akatazama saa, akavuta pumzi, akakaa barazani. Mwenyezi Mungu amzidishie subira ile.

Mpwa wangu akashika simu, akawa anarekodi. Kwanza boksi zima, limefungwa, pande zote, na ile karatasi iliyobandikwa yenye jina na namba ya oda. Pembe moja ya boksi ilikuwa imebonyea kama debe lililopigwa teke. Kisha mama akapitisha kisu kwenye utepe. Ubao wa juu mzima. Mguu wa kwanza mzima, wa pili, wa tatu, wa nne. Halafu akatolewa mtoto wa meza.

Usoni mwake, pale panapofungwa kishikio, ufa ulianza kwenye tundu la parafujo ukateremka mpaka chini, umepinda kidogo, kama njia ya mchwa ukutani. Pembe ya kushoto ilikuwa imesagika. Dada alipoinamisha, unga wa kahawia ukamwagika sakafuni, rangi ya tangawizi kavu. Mpwa wangu akauchota kwa ncha ya kidole, akaupuliza, ukapotea. Machozi yakamlenga. Alikuwa ameshachagua kalamu za kuweka mle ndani.

Dada akachukua ile karatasi. Akayakata kwa mstari yale maneno ya hali nzuri. Pembeni akaandika: Boksi limebonyea. Mtoto wa meza amevunjika. Tumefungua mbele ya msafirishaji. Akaandika tarehe, akaandika saa, ndipo akatia sahihi. Kijana akaipiga picha karatasi, dada naye akaipiga.

"Mjomba, kwani kosa lilikuwa la yule kijana?"

Halikuwa lake. Yeye alipewa boksi limefungwa, akalileta limefungwa. Ndiyo maana dada hakumpigia kelele. Mtu anayekuletea habari mbaya si lazima awe ndiye aliyeitengeneza.

"Na kama angekataa kungoja?"

Swali zuri tena! Hutokea. Basi kabla ya sahihi yako andika maneno mawili tu: Sijakagua ndani. Ukishafunga mlango, fungua boksi siku hiyo hiyo. Kenya ina Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, ya zamani, iliyofuata ile ya Waingereza ya mwaka 1893. Sheria hiyo inasema mnunuzi ambaye hajaikagua bidhaa hahesabiwi kuwa ameikubali, mpaka apate nafasi ya kutosha ya kuikagua. Babu yake babu yako hakujua intaneti, na tayari watu walikuwa wamewaza habari ya boksi lililofungwa.

Lakini nafasi ya kutosha si mwaka mzima. Ukilisukuma boksi uvunguni mpaka Ramadhani ijayo, au ukaifunga meza, ukasomea miezi mitatu, ukaweka na televisheni juu yake, utakuwa umeshasema kwa vitendo vyako kwamba umeikubali. Fungua mapema. Tazama mapema. Sema mapema.

Sasa njooni kwenye chungu.

Bibi yenu akienda sokoni kununua chungu, je, muuzaji humwambia, "Bibi, nakuapia chungu hiki hakivuji"? Hamwambii. Hata bibi hamuulizi. Neno lenyewe "chungu" limeshasema kwamba maji yatakaa ndani. Akifika nyumbani, akatia maji, yakamwagikia jikoni, muuzaji hawezi kusema, "Mimi sikuahidi kitu." Ameahidi. Ahadi ilikuwa ndani ya chungu.

Ndivyo sheria ilivyo. Kila kitu kinachouzwa kina ahadi za kimya. Kifanane na kilivyoelezwa: ukiambiwa meza nyeupe yenye mtoto mmoja, ije nyeupe, ije na mtoto mmoja mzima. Kiwe cha ubora unaokubalika, yaani mtu mwenye akili zake akikiona aseme, naam, hii ni meza. Na ukimweleza muuzaji unataka cha kazi gani, ukamtegemea akuchagulie, kiifae kazi hiyo.

"Lakini kwa seremala, kama niliuona ufa nikanunua?"

Basi ufa ni wako, mwanangu. Umeugusa, umeuona, umepunguziwa bei, umeubeba. Sheria haimkingi mtu na kile alichokitazama kwa macho yake akakubali. Na hapo ndipo mnunuzi wa mtandaoni anapotofautiana nawe. Yeye ufa hakuonyeshwa. Picha ilikuwa nzima.

Dada alituma ujumbe kwa duka usiku ule ule. Hakupiga simu tu. Simu ni maneno, na maneno yakishapita kwenye waya hayana mahali pa kuchukuliwa tena. Aliandika. Akataja namba ya oda, tarehe ya kulipa, namba ya ule ujumbe wa M-Pesa, akapeleka picha na video. Kisha akasema anachotaka. Wengi hulisahau jambo hilo, wanangu. Wanaandika kurasa mbili za uchungu na hawasemi wanataka nini. Dada alisema: mnibadilishie mtoto wa meza ndani ya siku saba, au mchukue meza yenu mnirudishie shilingi 8,500 zangu.

Siku ya kwanza kimya. Siku ya pili kimya. Jirani mmoja akapita, akasema, "Achana nao mama, mtie gundi tu huyo mtoto wa meza, maisha yaendelee." Nusura dada akubali. Alisema anaona haya kuwasumbua watu kwa kisanduku.

Haya? Nilimwambia, na nawaambia ninyi: hakuna haya. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, ibara ya 46, inasema mnunuzi ana haki ya bidhaa na huduma zenye ubora wa kuridhisha. Ana haki ya kupewa maelezo anayohitaji ili afaidike nazo. Ana haki ya kulindwa afya yake, usalama wake na mfuko wake. Na akipata hasara kwa sababu ya kasoro, ana haki ya fidia. Hayo yameandikwa kwenye kitabu kile kile kinachosema Rais achaguliwe vipi. Meza ya mtoto wa Kisauni imo humo. Wakubwa waliokaa kuiandika nchi walikikumbuka kisanduku cha kalamu. Sasa dada yangu atamsumbuaje mtu kwa kudai kilicho chake?

Siku ya tatu jibu likaja. Lilikuwa na sentensi mbili. Ya kwanza: duka lilitoa meza nzima, uharibifu ni wa njiani, mtafute msafirishaji. Ya pili: bidhaa ikishauzwa hairudishwi.

Mpwa wangu akaja kwangu na simu mkononi, kipaji amekikunja. "Mjomba," akaniuliza, "njia ni ya nani?"

Njia ni ya nani! Mnaona? Mtoto wa miaka tisa ameuliza swali ambalo mawakili wameliulizana miaka na miaka.

Sikilizeni. Jirani amepika uji. Ukimtuma ndugu yako aufuate kwa jirani, akajikwaa njiani uji ukamwagika, njia ilikuwa yako. Ndugu ni wako, kumtuma umemtuma wewe. Lakini jirani akikwambia, "Tulia, nitakuletea uji hadi mlangoni pako," akachagua mwenyewe wa kuubeba, akampa bakuli lisilo na kifuniko, ukamwagika, je, njia ni ya nani?

"Ya jirani!"

Ya jirani. Sasa ile sheria ya zamani inaanza kwa kusema kwamba kumkabidhi msafirishaji kunaweza kuhesabiwa kama kumkabidhi mnunuzi. Wenye maduka wanaupenda sana mstari huo. Lakini sheria haiishii hapo. Inaendelea: muuzaji lazima apange safari kwa namna inayoifaa bidhaa ile. Asipofanya hivyo, kitu kikapotea au kikavunjika, mnunuzi anaweza kusema, huko hakukuwa kunikabidhi. Na kama mlikubaliana bidhaa iletwe mpaka nyumbani, basi makabidhiano ni nyumbani, si kwenye ngazi ya lori huko Nairobi.

Kwa hiyo tukauliza, mimi na mpwa wangu, tukihesabu kwa vidole. Nani alichagua lori? Duka. Nani alifunga boksi bila foma? Duka. Nani aliandika kwenye ukurasa wake kwamba "tunakuletea hadi mlangoni"? Duka, na dada alikuwa ameupiga picha ukurasa ule siku aliyolipa. Kama msafirishaji ana kosa, duka na msafirishaji ni watu wanaojuana, wana mkataba wao, wakae chini wamalizane. Dada yangu hamjui msafirishaji. Hakumlipa. Hakumchagua. Njia ilikuwa ya duka.

Shangazi yenu aliyeko London aliposikia alishangaa tunajadiliana nini. Kwao Sheria ya Haki za Watumiaji ya mwaka 2015 imelikata jambo hili kwa mkato mmoja: bidhaa iko mikononi mwa muuzaji mpaka mnunuzi aishike, ila kama mnunuzi alijitafutia msafirishaji wake. Na ikiwa na kasoro, ana siku 30 za kuikataa na kurudishiwa pesa zake zote. Mimi natamani mstari ule mfupi uandikwe na huku kwetu. Njia yenye mashimo inahitaji maneno yaliyonyooka.

Na ile sentensi ya pili, kwamba bidhaa ikishauzwa hairudishwi? Mmeiona imebandikwa kwenye maduka mengi, kwa herufi kubwa, karibu na kalenda. Ukibadilisha mawazo tu, rangi nyeupe imekuchosha, kibao kile kinaweza kukuzuia. Lakini kibao hakifuniki kitu kibovu. Kenya ina Sheria ya Kumlinda Mtumiaji ya mwaka 2012, na inasema haki ilizompa mnunuzi hazifutwi na makubaliano wala kibao. Ni kama mtu aandike juu ya chungu kinachovuja, "Maji yakimwagika, shauri yako." Maandishi hayazibi tundu.

Sheria hiyo hiyo inawasemesha wanaouza kwa intaneti. Kabla hujabonyeza kitufe cha mwisho, wakueleze unachonunua na masharti yake. Wakupe nafasi ya wazi ya kukubali au kukataa, na ya kusahihisha ulipokosea. Kisha wakupe nakala ya makubaliano. Nakala hiyo usiifute kwenye simu ili upate nafasi ya picha za harusi. Ihifadhi.

Dada akaandika mara ya pili. Barua fupi, ya heshima, bila tusi hata moja. Nani alichagua lori, nani alifunga boksi, nani aliahidi mlango. Mwishoni akaongeza kwamba wasipojibu atapeleka malalamiko kwa Mamlaka ya Ushindani ya Kenya, na ikibidi, Mahakama ya Madai Madogo.

"Mahakama? Kwa ajili ya mtoto wa meza?"

Ndiyo, mwanangu, na usicheke. Mahakama zile zimewekwa kwa sheria ya mwaka 2016, na milango ya kwanza ilifunguliwa Milimani, Nairobi, mwaka 2021. Zinasikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000. Unaweza kusimama mwenyewe bila wakili, ukasema Kiswahili chako, na kesi inatakiwa iishe ndani ya siku 60. Zamani mtu wa shilingi 8,500 alikuwa akitazama jengo la mahakama kama kuku anavyotazama paa la ghorofa. Sasa wamemshushia ngazi. Hasa sisi wenye vimeza vyetu ndio tuliowekewa ngazi hiyo.

Na ndugu zenu wa Tanga na Dar es Salaam wasidhani wamesahauliwa. Tanzania wana Tume ya Ushindani, chini ya Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, na kumlinda mlaji ni sehemu ya kazi yake.

Lakini ngazi haikuhitajika. Siku ya pili baada ya barua ile, simu iliita. Ilikuwa sauti ya mhudumu mmoja wa duka, mpole, akaomba radhi. Akampa mama chaguo: tuchukue meza turudishe pesa, au tukuletee mtoto mwingine wa meza bila malipo.

Kisheria dada angeweza kuikataa meza na kudai pesa zake. Angeweza pia kubaki nayo kama ilivyo, akadai apunguziwe kwa kadiri ya hasara. Kubadilishiwa kilichovunjika ni njia ya mapatano, na mara nyingi ndiyo inayomfurahisha mtu aliyetaka meza, si kesi. Mama akamtazama binti. Binti akasema, "Namtaka mtoto."

Kulikuwa na jioni moja, kabla mtoto mpya hajafika, mpwa wangu alikuja kukaa hapa hapa mlipokaa ninyi. Alinyamaza muda mrefu. Kisha akaniuliza kwa sauti ndogo: "Mjomba, na kama ningekuwa mimi nimeivunja, nikasema ni lori?"

Nilimshukuru kwa swali lile kuliko maswali yake yote. Nikamwambia, basi ungekuwa umechukua mtoto wa meza wa mtu mwingine. Dukani yuko msichana anayefunga maboksi, naye ana mshahara unaoweza kukatwa. Kama ungeivunja wewe kwa kukaza parafujo kupita kiasi, ungesema, "Nimeivunja mimi, mtoto wa meza mwingine ni bei gani?" Video aliyochukua ilikuwa na nguvu kwa sababu ilikuwa kweli tangu utepe ulipokatwa. Akaitikia kwa kichwa. Akaomba chai.

Siku ya kumi na moja gari dogo likarudi. Kijana yule yule. "Hodi! Shikamoo, mama." Safari hii hakutoa karatasi kwanza. Aliweka boksi dogo sakafuni, akachuchumaa, akamwambia mpwa wangu, "Haya mkaguzi, fungua."

Akafungua. Ndani mlijaa foma, pande zote, ikalia kwiu kwiu alipoitoa. Mtoto wa meza alikuwa mzima, mweupe, pembe nne kali. Mpwa wangu akapitisha kidole usoni, pale ufa ulipokuwa kwa mwenzake. Akamgeuza, akatazama chini. Akamgonga kwa kifundo cha kidole: ngo, ngo. Akatega sikio, kama daktari.

Kisha akachukua kalamu kwa yule kijana, akampa mama yake.

"Sasa tia," akasema.

Yule mtoto wa meza aliyevunjika yupo bado. Duka halikumtaka. Ametandikiwa kitambaa cha kanga chini ya ngazi, na paka wa Kisauni amezaa humo watoto watatu.